Tulipasha misuli kwa geresha kule Nyasura, aliyechanika ni rafiki yangu

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu kutoka Musoma.

Juzi mwenzetu mmoja alianzisha uzi akisema kupasha misuli kabla ya mechi ni kumaliza nguvu bure. Kwamba sisi wa mchangani tuvae jezi tuingie, mambo ya kurukaruka tuwaachie wanaolipwa. Wengi mkamuunga mkono.

Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Leo nimeamua kuandika yote.

Ni kweli tupu na imenikuta mimi mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu mmoja wa wahusika bado tunasali kanisa moja na tunakaa benchi moja.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni mtu wa kushuku, tangu utoto. Nikinunua sato nafunua mashavu mara mbili hata kama muuzaji ni shemeji yangu. Mtu akinisifia najiuliza anataka nini. Mke wangu ananiita Mpelelezi, na kuna kipindi watoto walidhani ndiyo kazi yangu ya kweli.

Miaka ninayoisimulia ni ile ya katikati ya themanini. Waliokuwepo wanaijua. Sabuni ilikuwa ya kutafuta. Sukari ilikuwa ya foleni, na ukifika dirishani unaambiwa imeisha, huku unaona mtu anatokea mlango wa nyuma na kikapu kimefunikwa khanga. Kila mtu alimwona mwenzake mlanguzi. Kwa hiyo mkinilaumu kwa kushuku, mjue nililelewa na mji mzima.

Tulikuwa na timu ya mtaa pale Mwisenge. Mimi nilicheza winga ya kulia. Winga ya kushoto alikuwa Magesa, rafiki yangu tangu darasa la kwanza.

Niseme ukweli, Magesa alikuwa ananizidi. Mbio zake zilikuwa za kutisha. Nilikuwa na krosi nzuri na akili ya mpira, ila yeye alikuwa na kitu ambacho huwezi kufundishwa.

Kwao walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Mama alikuwa anabanika samaki kwa ajili ya kuuza, na moshi ulikuwa umeshamharibu kifua. Akikohoa unasikia ukiwa barabarani. Magesa alikuwa na wazo moja tu kichwani, amtoe mama yake kwenye ule moshi.

Na njia ilikuwepo. Kulikuwa na kiwanda cha nguo chenye timu yake. Ukichukuliwa kucheza kule umepata na ajira, chumba, kitambaa na sabuni kila baada ya muda. Mwaka ule zikaja habari kwamba winga wao mmoja amehamia Mwanza, na bwana michezo wa kiwanda atakuja kutazama fainali yetu ya kombe la vitongoji. Anatafuta winga mmoja.

Mmoja tu. Likumbukeni hilo.

Sasa nije kwa kocha. Alikuwa Mwalimu Masatu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, anayeongea kwa sauti ya chini hata akikasirika. Walimpeleka kozi ya ukocha ya wiki kadhaa, akarudi na daftari la kava gumu na mambo mapya.

Jambo la kwanza kwenye daftari lilikuwa kupasha misuli. Nusu saa kabla ya mpira wowote. Mnaanza kukimbia taratibu. Mnakwenda ubavu ubavu. Mnanyanyua magoti, mnarusha miguu mbele na nyuma, halafu mbio fupi, kila moja kali kuliko iliyotangulia, mpaka jasho litoke. Ndipo mnaweza kuanza.

Wakuu, hamwezi kuelewa jinsi hilo lilivyotushangaza.

Kwanza tulikuwa na njaa. Mtu amekunywa uji wa muhogo asubuhi, unamwambia akimbie nusu saa kabla ya kukimbia. Dereva wa lori lililokuwa linatubeba alizima injini kila akiona mteremko ili abane dizeli, na sisi tuliona miguu nayo inatakiwa kubanwa hivyo hivyo.

Pili, siku ya mechi ya ugenini sisi tulikuwa hatugusi uwanja kabisa. Vijana wa leo pengine hamjui hili, ngoja nieleze.

Huku kwetu mgeni haruhusiwi kukanyaga uwanja wa watu kabla ya refa kupiga filimbi. Wenyeji wanaamini atafukia kitu chake. Na mgeni naye hataki kukanyaga, maana anaamini wenyeji wameshafukia cha kwao. Kwa hiyo mgeni anavaa jezi nje ya uzio wa minyaa, anakaa chini anasubiri. Filimbi ikilia anaruka uzio, mlangoni hapiti, na anaingia kinyumenyume. Mmetoka kukaa kwenye lori kwa saa tatu, magoti yamekaza, mnaingia kinyumenyume, mpira unaanza.

Mambo hayo kwetu aliyasimamia Mzee Bwire, mlezi wa timu. Alikuwa mzee wa kanisa pia. Jumapili alipitisha kikapu cha sadaka, na siku ya mechi alikuwa na yai mfukoni mwa koti. Hakuna aliyeona tatizo.

Wa kwanza kuupenda utaratibu wa mwalimu alikuwa Magesa. Aliniambia siku moja tukitoka mazoezini, "Majura, zamani miguu nilikuwaga naivuta mpaka dakika ya ishirini. Siku hizi inakujaga yenyewe."

Nikamwambia ni upepo wa ziwani.

Nusu fainali tulicheza nyumbani, kwa hiyo tulipasha kwenye uwanja wetu bila matatizo. Robo saa ya kwanza tukawa tumefunga matatu. Wale jamaa walikuwa bado wanajinyoosha. Watu wote pale Mwisenge walisema yai la Mzee Bwire lilikuwa la moto siku ile, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosema.

Halafu ikatangazwa kwamba fainali itachezwa Bunda, Nyasura, kwenye uwanja wa wapinzani wetu.

Hapo ndipo upelelezi wangu ukaanza.

Mke wa Mwalimu Masatu alikuwa mtu wa Nyasura. Nilikuwa nalijua siku zote, lakini sasa likapata maana.

Jumamosi ya kwanza baada ya tangazo nikamwona mwalimu stendi, anapanda gari la Bunda. Ana kifurushi kimefungwa kwa gazeti. Hakuniona. Jumapili jioni nikapita kwake kwa kisingizio cha kuuliza muda wa mazoezi, nikachungulia mpaka jikoni. Kifurushi hakipo.

Jumamosi ya pili, hivyo hivyo. Anakwenda na kifurushi, anarudi mikono mitupu.

Jumamosi ya tatu, hivyo hivyo tena. Safari hii nilimuuliza, "Mwalimu, Bunda kwema?" Akasema, "Kwema, nilikuwa nasalimia wakwe." Akaangalia pembeni.

Nilichukulia kule kuangalia pembeni kama ushahidi kamili. Nikampelekea Mzee Bwire. Nikawapelekea wachezaji, mmoja mmoja. Mwalimu ametuuza. Anatukimbiza nusu saa ili tukiingia kwenye mechi ya wakwe zake tuwe tumekwisha.

Sasa wakuu, nisimame hapa kidogo. Mtu anayeuza mechi hurudi na kifurushi, haendi nacho. Mimi, mpelelezi mzima, hilo halikuniingia akilini wiki tatu.

Siku ya fainali tulifika Nyasura mchana, jua kali, tumejaa vumbi la barabarani. Tukashuka tukakaa nje ya uzio kama kawaida.

Mwalimu akatukusanya. Akasema, "Leo tunaingia mapema. Mtapasha ndani ya uwanja, nimeshaongea na wenyewe. Msiguse mpira, msisogelee magoli. Majura na Magesa mtaongoza, fanyeni vile tunavyofanyaga. Mimi nitakuwa pale."

Akaonyesha pale. Kulikuwa na ghala la pamba, na mbele yake benchi refu ambalo wamekaa wazee wa Nyasura, wale wa kamati yao ya ndumba. Kila mtu alijua kazi yao.

Nikamuuliza, "Pale kwao, Mwalimu?"

"Pale. Mkimaliza nitakuja. Msiniulize sasa, nitawaambia baadaye."

Akaondoka. Wale wazee wakasogea, wakamweka katikati, mmoja huku mmoja huku. Mmoja akampa kikombe. Akanywa.

Nawaambia kweli, hata kama ningekuwa nampenda namna gani yule mwalimu, kwa macho yangu ya siku ile kesi ilikuwa imekwisha.

Mzee Bwire akatuvuta nyuma ya lori. Akasema kwa haraka, "Mtaingia, maana mkikataa watasema mnaogopa. Ila mtu asitoe jasho. Jasho lenu likidondoka kwenye uwanja wao wameshawapata. Hiyo ndiyo wanayoitaka."

Ikatulia vizuri kabisa vichwani mwetu. Nguvu zinabanwa na jasho halidondoki. Mimi ndiye nilitoa amri ya mwisho, kwa vile nilikuwa naibu kepteni na kepteni wetu alikuwa mtu wa kukubali kila kitu. Nikasema tunapasha kwa geresha. Miguu inakwenda, mwili unalala.

Tukaingia. Kama mngetuona mngecheka. Watu kumi na mmoja wanakimbia kama wanaosindikiza maiti. Magoti yananyanyuliwa mpaka nusu. Mbio fupi tulizifanya matembezi. Mwalimu alikuwa anatuangalia kutoka kwenye benchi, hasemi kitu, hata mkono hanyanyui. Nikawa namwambia jirani yangu, unaona, anafurahi.

Mmoja tu ndiye hakufanya geresha. Magesa alianza kama sisi, halafu akashindwa kujizuia. Akaanza kupasha kweli. Akapiga mbio moja fupi, ya pili, ya tatu ikawa kali, vumbi likawa linabaki nyuma yake.

Nikamfuata, nikamshika mkono. "Magesa, acha. Unajimaliza. Na jasho hilo."

Akasema, "Mguu bado haujafunguka, niongeze kidogo tu."

"Unaniamini mimi au unamwamini yule aliyekaa kule?"

Akatazama benchi la wazee. Akanitazama mimi. Akaacha.

Tukatoka nje ya uzio, tukakaa chini tukisubiri refa. Mzee Bwire akampangusa Magesa jasho la shingoni kwa kitambaa chake, akakikunja akakitia mfukoni.

Filimbi ikalia. Mwalimu akanyanyuka kwenye lile benchi, akaja kwetu karibu anakimbia. Hakuna aliyempisha mahali pa kukaa.

Dakika kumi za mwanzo zilikuwa aibu. Miguu ilikuwa ya mti. Wenyeji walikuwa wametoka majumbani kwao kwa miguu, wamechangamka, wanatufikia kwenye kila mpira. Wakafunga moja. Wakafunga la pili. Nilipokea pasi ya kawaida kabisa, nikataka kugeuka, mwili ukakataa.

Kisha beki wetu akapiga mpira mrefu kushoto. Ulikuwa mpira wa Magesa, wa aina yake kabisa, nyuma ya beki, uwazi mtupu. Mpaka leo nauona. Akafyatuka.

Nilikuwa mbali, upande wa pili, lakini walio karibu walisema walisikia. Mmoja alisema ni kama kitambaa kipya kinachanwa. Magesa alishika nyuma ya paja akiwa bado anakimbia, akaenda hatua tatu kwa mguu mmoja, akaanguka kwa uso.

Mwalimu Masatu aliingia uwanjani kabla refa hajaruhusu.

Magesa hakulia kwa maumivu. Alikuwa anauliza, "Yule bwana wa kiwandani ameondoka? Bado yupo?" Anauliza hivyo huku amelala chini.

Mechi ikaendelea. Kipindi cha pili, wakuu, miguu yetu ikafunguka. Lile joto ambalo tungekuwa nalo tangu mwanzo lilitujia saa nzima baadaye. Tukawabana mpaka wakawa wanapiga mpira nje ya uzio. Nikatoa krosi, tukarudisha moja. Muda ukaisha. Mbili moja.

Bwana michezo, mtu mfupi wa kaunda suti, akanifuata. Akaniuliza jina na ninapokaa. Wiki mbili baadaye nilikuwa na kitambulisho cha kiwanda.

Kurudi Musoma, mwalimu alikaa nyuma kabisa ya lori, mguu wa Magesa ameupakata ili usipigwe na mashimo. Walikuwa wanaongea chinichini njia nzima. Mimi nilikaa mbele karibu na kichwa cha gari, nikasema, sasa anamhonga kwa maneno.

Juma lililofuata Mzee Bwire akaitisha kikao. Mimi nilitoa ushahidi. Stendi, vifurushi, wakwe, kikombe. Nilisimama nikahesabu kwa vidole.

Mwalimu alisema sentensi moja. "Kamuulizeni Mzee Mugeta wa Nyasura, yule niliyekaa naye."

Tulicheka. Tukamuulize mtu wa kamati ya wapinzani kama alimnunua kocha wetu? Hakuna aliyekwenda. Akavuliwa ukocha siku ile ile. Baada ya muda akaomba uhamisho, akaenda kufundisha upande wa Butiama. Daftari lake la kava gumu alimwachia Magesa.

Mguu wa Magesa ulikandwa kwa maji ya moto na chumvi, kwa nguvu, kila jioni, na Mzee Bwire mwenyewe. Wajuzi wa leo mnajua hiyo ni kuongeza moto. Wiki ya tatu akajaribu kukimbia. Ukachanika tena, pale pale. Hakurudi.

Alijifunza cherehani. Mama yake aliendelea na moshi miaka mitatu, kisha akafariki.

Nisiwachoshe. Enzi za ruksa zikaingia, biashara ikaachiwa, mitumba ikajaa mpaka vichochoroni. Nani atanunua kitambaa cha kiwandani wakati kuna suruali ya Ulaya sokoni? Wakaanza kupunguza watu, na mimi nikapunguzwa. Magesa alikuwa na kazi mpaka usiku wa manane, kwa sababu kila suruali ya mtumba lazima ipunguzwe kiuno. Mwaka nilioachishwa kazi alishona sare za watoto wangu wawili. Nilipouliza gharama alijifanya hasikii kwa sababu ya kelele za cherehani.

Nikaanza na mimi kuzungusha mitumba minadani. Ndivyo nilivyojikuta Nyasura tena, miaka mingi baadaye, nimetandaza turubai.

Mzee mmoja akawa anachagua koti. Akanitazama sana. Akasema, "Wewe si ulikuwaga winga wa Musoma? Mkafungwa hapa mbili moja?"

Alikuwa Mzee Mugeta.

Akakaa kwenye robota langu la nguo, akaanza kucheka peke yake. "Yule mwalimu wenu alikuwa king'ang'anizi. Jumamosi tatu alikujaga hapa. Analeta sukari, analeta majani ya chai, analeta sabuni. Anasema vijana wangu wanashuka kwenye lori wamekaza, watavunjika, niruhusuni waingie wakimbie kidogo. Tukamwambia, mtafukia kitu. Akasema, basi nishikeni mimi. Mniweke katikati yenu. Kukitokea jambo mimi ndiye wa kujibu."

Nikamuuliza, "Mkamweka?"

"Tukamweka. Tukamwambia usiongee nao, usiwapungie mkono, mpaka filimbi. Maana anaweza kuwapa ishara. Akaapa. Tukampa maji ya kunywa." Akajaribu koti. "Halafu nyinyi mkaingia mkawa mnatembeatembea. Tulijiulizaga sana, huyu mtu ameteseka hivi ili waje kutembea?"

Sukari ile ilikuwa ya nyumbani kwake. Ya mgao. Alikuwa na watoto watano.

Koti nilimwachia. Nikafunga turubai kabla ya saa sita.

Haikuchukua wiki nikaenda Buswahili, upande ule ule wa Butiama, ambako mwalimu alikuwa amestaafu analima mihogo. Alinipokea vizuri, mke wake akaleta uji. Nikamwambia nimeonana na Mzee Mugeta. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi, yakatoka machache.

Akasema, "Ningewaambia mapema, Mzee Bwire angewakataza kuingia. Siku ile niliwaona. Mlikuwa mnanyanyua magoti hivi." Akanyanyua mkono mpaka kiunoni, akauacha ukaanguka. "Nikataka kupiga kelele. Lakini nilikuwa nimeapa, na ningevunja kiapo wangewatoa nje na kuzuka vurugu. Nikasema labda watapona."

Kisha akauliza, "Magesa anatembeaje?"

Nikasema anatembea vizuri, ila cherehani anakanyagia mguu wa kulia tu.

Akanisogezea uji. Halafu akasema, "Nilimwambia kila kitu siku ile, kwenye lori. Hakukueleza?"

Wakuu, nilirudi Mwisenge na swali hilo. Magesa alikuwa anajua. Miaka yote. Alijua siku nasimama kikaoni nahesabu kwa vidole, maana alikuwa amekaa pale pale, mguu ameunyoosha kwenye kiti. Alijua siku nakwenda kuanza kazi. Alijua alipokuwa anapima watoto wangu sare.

Nikamkuta kazini kwake. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Hakuacha kushona. "Nilitakaga kusema pale kikaoni. Nikakuangalia ulivyokuwa na uhakika. Nikaona hakuna atakayenisikia, watasema na mimi nimenunuliwa. Baadaye ukapata kazi. Ningekuambia ili iweje?"

Nikamwambia nisamehe. Akasema ilishapita, misuli huchanika hata ya waliopasha, huenda ungechanika tu. Inawezekana ni kweli. Sijui. Mimi si daktari, na sitawadanganya humu kwamba kupasha kunazuia kila kitu.

Halafu akasimamisha cherehani. Akakata uzi kwa meno.

"Ila kuna kitu kimoja nilikuwaga nataka kukuuliza, Majura. Pale uliponishika mkono. Ulikuwa unaogopea jasho langu kweli?"

Hapa lazima niwaambie kitu nilichokiruka huko juu.

Magesa alipopiga ile mbio ya tatu, ile kali, yule bwana wa kaunda suti alikuwa amesimama karibu na uzio anaongea na mtu. Akaacha kuongea. Akageuza kichwa kumfuata Magesa mpaka mwisho wa mbio. Mimi nilimwona akigeuza kichwa. Na ni baada ya kumwona ndipo nikaenda kumshika Magesa mkono.

Niliamini habari ya jasho? Niliamini. Niliamini mwalimu ametuuza? Kabisa. Lakini wengine wawili nao walikuwa wanatoka jasho pale, jua lilikuwa kali, na sikuwafuata.

Maisha yangu yote nimechunguza mifuko ya watu na vifurushi vyao. Mtu mmoja sikuwahi kumchunguza.

Swali la Magesa sijalijibu mpaka leo. Alinisubiri kidogo, halafu akarudisha mguu kwenye cherehani. Hajauliza tena. Jumapili tunakaa benchi moja, ananipa kitabu cha nyimbo tusome pamoja.

Siku hizi nachezea maveterani. Nafika uwanjani nusu saa kabla ya wenzangu, nakimbia taratibu, ubavu ubavu, magoti mpaka juu, mpaka jasho lidondoke chini. Vijana wananicheka, wanasema mzee anatambika.

Nilichojifunza ni hiki. Pasheni misuli, na pasheni kweli. Na mkisikia shaka juu ya mtu, mkamuulize yule aliyemtaja, hata kama ni wa upande wa pili. Sisi kutoka Mwisenge mpaka Nyasura ilikuwa safari ya lori moja, na hakuna aliyekwenda.

Mnaojua misuli nisaidieni, ingechanika hata kama angemaliza kupasha? Na mliowahi kuulizwa swali kama la Magesa, mlijibu nini? Nitasoma yote, hata ya kunitukana.